Kikombe Kimoja Ulichosema

Kasongo, Maniema,
Jumapili, tarehe 10 Mei 2026.

Kwa Yaya Clémentine,
Lubumbashi.

Mpendwa Yaya, dada yangu mkubwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mguu uliokuwa ukikusumbua wakati wa baridi sasa umepoa. Sisi huku tu wazima. Mama Naomie hajambo, mpunga umevunwa na mwaka huu umekauka vizuri, na Naomie, yule uliyemwita mwali wako tangu akiwa mgongoni, ni mzima kuliko sisi wote. Mimi pia niko hai. Nimekusalimu kama tulivyofundishwa na salamu zimekwisha, sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Nina hasira na wewe, Yaya.

Sikupigi simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, nami nitapaza sauti, mtandao utakufa, kisha utawaambia watu kwamba Gédéon amekukatia. Audio sitaki kuituma wala kuisikia tena. Karatasi haimkatizi mtu. Amani, fundi wa pikipiki, anakuja huko kupitia Kongolo na ndiye atakayekupa barua hii mkononi. Isome ukiwa peke yako, ukiimaliza irudie.

Uliambiwa kwamba nimesilimu. Aliyekuambia ni Emile, mdogo wetu, na simchongei kwa sababu amekiri mwenyewe. Wewe hukunipigia mimi kuniuliza. Mimi nilizaliwa nyuma yako, umenibeba, umenifunga vifungo vya shati siku ya komunyo ya kwanza, lakini neno kubwa kama hilo ulilipokea kwa mtu mwingine ukalifanyia kazi. Hebu leo usikie kwa mwenyewe.

Unamkumbuka mama yake Pitchou, jirani yetu, aliyekuwa akikusuka nywele Jumamosi. Alifariki Septemba iliyopita. Wakaja karakana kwangu kuagiza sanduku. Nilikuwa nimekunywa lutuku tangu asubuhi, maana wakati ule nilikuwa nakunywa kabla ya chai, na chai nilikuwa nakunywa ili nifiche harufu. Nikaenda kumpima marehemu na futi yangu, nikaandika namba kwenye kipande cha ubao, na mpaka leo sijui namba ile niliitoa wapi. Tulipomlaza, miguu haikuingia. Ikabidi wamkunje magoti mbele ya watoto wake, kama mtu anayelala na baridi, ndivyo alivyozikwa.

Sasa wasikilize watu wa kwetu. Hakuna aliyesema fundi alikuwa amelewa, na nilikuwa nanuka mpaka nzi wananijua. Wazee wa ule ukoo walinong'ona kwamba marehemu amekataa sanduku, na maiti akikataa sanduku ana neno na mtu wa nyumbani. Walianza kumtafuta huyo mtu. Siku mbili hazikupita wakampata: Sidonie, mke wa Pitchou, kwa sababu aliwahi kugombana na mkwewe juu ya kuku. Chakula alichopika kwenye matanga hakikuliwa. Watoto wakaambiwa wasilale naye. Mimi niliyaona yote hayo nikanyamaza, nikaenda kunywa zaidi.

Bitana za masanduku yangu huzishona Kamaldine, yule fundi cherehani wa upande wa msikiti. Mimi natengeneza mbao, yeye kitambaa cheupe cha ndani, tumefanya kazi hivyo miaka mingi. Yeye kipimo alikipata kwa Pitchou, si kwangu, na kitambaa chake kilifika. Alhamisi ile alikuja karakana, akakaa juu ya gogo, akangoja mteja aondoke. Hakunigombeza. Alisema, "Fundi, kitambaa yangu ilitosha. Mbao yako ndiyo ilikuwa mufupi. Wewe unajua na mimi ninajua, na ule mwanamuke atafukuzwa. Kesho nikitoka kusali, kuja kwangu."

Nilidhani ananiita ili anisute mbele ya watu wake. Nilikwenda na kichwa kinaniuma, mikono inatetemeka hata kufungua lango nilishindwa, akanifungulia mwanamke mmoja mnene, Mama Odile. Huyo ndiye aliyekuwa akipika lutuku kule karibu na soko, miaka kumi na miwili, mumewe akiwa muonjaji wake mpaka ikamuua. Sasa pipa lake analitia maji ya mvua na anauza mikate ya mchele. Nilimwona nikadhani nimeitwa kunywa. Ndiyo akili niliyokuwa nayo, Yaya, sikufichi.

Uani palikuwa na mikeka miwili na watu saba. Hawana jina, hawana muhuri, hawana rais wala katibu, na wewe unajua kwetu watu watatu wakikutana lazima wawili wawe na cheo. Wanakutana Ijumaa alasiri kwa sababu moja tu: Ijumaa ndiyo siku cherehani ya Kamaldine inapumzika na ua wake una nafasi. Kamaldine mwenyewe aliianza pombe Salamabila, kwenye mashimo ya dhahabu, akarudi bila dhahabu na bila meno ya mbele. Yeye na Mama Odile ndio waliotandika mkeka wa kwanza, wakangoja miezi miwili wakiwa wawili tu.

Nilipokaa niliuliza kama lazima nisali kwao. Mama Odile akaniambia, "Hapa hatuulizi mutu anasali wapi. Tunauliza alikunywa lini." Kila mmoja hunyamaza kidogo na Mungu wake, basi, halafu wanasema. Hakuna anayekuhubiria. Mtu anasema alichokifanya, wengine wanasikiliza mpaka mwisho, na hakuna anayecheka isipokuwa mwenyewe akianza kucheka. Sijawahi kusikilizwa hivyo katika ukoo wetu, na ukoo wetu una vikao kila mwezi.

Wana desturi moja ambayo nataka uielewe vizuri. Siku zako za kutokunywa hazihesabiwi na wewe mwenyewe. Anakuhesabia mwenzako, nawe unamhesabia yeye. Mimi nilipewa Zuberi. Ni wa familia ya Waislamu wa zamani kabisa wa hapa mjini, wenye duka la chumvi na sabuni. Kwao wanasema sisi hatunywi, basi Zuberi alipokuwa amelewa ilikuwa kama hayupo, hakuna aliyemsema na hakuna aliyemsaidia, alipikiwa na kufungiwa chumbani mpaka apoe. Kila siku anapita karakana kabla ya kufungua duka, ananiuliza, "Namba?" Nikimwambia uongo, uongo huo yeye ndiye anaubeba mbele ya wenzake Ijumaa. Ndiyo maana ni vigumu kusema uongo.

Kazi ya kwanza waliyonipa haikuwa kuacha pombe. Mama Odile aliniuliza ni nani anayeumia kwa ajili ya futi yangu. Kesho yake nilikwenda kwa Pitchou, nikasimama mbele ya wazee walewale, nikasema marehemu hakukataa chochote, mimi nilipima nikiwa nimelewa. Pitchou alinipiga kofi moja na nikalipokea. Sidonie alikaa chini palepale akalia, akalia sana, na aliponyanyuka aliingia jikoni, akapakua ugali na sombe, akawawekea wazee wote mbele yao akasimama kuwatazama mpaka wakala. Siku hiyo nilikuwa na siku mbili.

Nilifika mia mbili na kumi na moja, Yaya. Mikono ilitulia. Nilianza tena kutengeneza vitanda vya kuchonga, kazi ambayo nilikuwa nimeiacha kwa sababu patasi ilikuwa inanikata. Mama Naomie alianza kunitania, na huyo alikuwa ameacha kunitania tangu Naomie yuko darasa la tatu. Nilijua wali una ladha gani. Hakuna mtu wa ukoo aliyekuja kuniuliza, "Ndugu, umeponaje?"

Walichouliza ni kwa nini Gédéon anaonekana Ijumaa upande wa msikiti. Kwa nini anavua viatu langoni mwa Kamaldine. Viatu navua kwa sababu pana mikeka, hata wewe ungevua. Kwa nini siku moja ya Ramadhani alionekana akila futari. Nilikula futari kwa sababu Zuberi alikuwa anatimiza siku mia tatu na Latifa, mkewe, alitupikia wali wa nazi. Na kubwa kuliko yote, kwa nini hanywi. Kwetu Mkristo asiyekunywa ni mgonjwa au amesilimu, na mimi nilikuwa nimenenepa, kwa hiyo ugonjwa ukatolewa. Kwenye shirika la kanisa waliniondoa uongozi kimyakimya, wakampa mtu ambaye kila Jumapili jioni hubebwa.

Hilo lenyewe ningeliacha. Nilisema wataelewa polepole. Halafu ikaja siku ya mahari ya Naomie, Jumamosi tarehe kumi na nane Aprili.

Wakwe walitoka Wamaza na pikipiki nne, matope mpaka kwenye nyusi, mbuzi wamefungwa nyuma wakilalamika njia nzima. Ua ulikuwa umefagiwa, kiti cha baba kimewekwa mahali pake, kile cha mikono miwili nilichokitengeneza mwenyewe. Wewe unajua kikombe cha baba. Msemaji wa wakwe anamimina, baba wa binti anakunywa wa kwanza, na mpaka anywe maneno hayajafungwa. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na Emile wiki nzima kabla ya siku hiyo, nikamwambia nitakipokea kikombe kwa mikono miwili, nitakigusisha mdomo, nitampa yeye anywe kwa niaba yangu. Alikubali. Wazee wawili walikubali. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, Yaya, nilikuwa na furaha kama mtoto.

Kabla msemaji hajamimina, Emile alisimama akasema kuna neno kutoka Lubumbashi, la shangazi wa binti. Akaweka telefoni kwenye spika kubwa ya muziki. Sauti yako ikajaa uani.

Wewe huenda umeisahau, mimi nimeishika yote. Ulisalimia wakwe vizuri sana. Ukambariki Naomie. Kisha ukasema: "Tunasikia kwamba mdogo wangu amebadilisha dini. Kama amesilimu aseme leo mbele ya watu. Kama hajasilimu, akunywe kikombe cha baba kama baba zetu walivyokunywa. Kikombe kimoja hakijaua mtu. Akikataa, akae pembeni, Emile akalie kiti." Ukamaliza kwa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Watu wote walinigeukia. Naomie alikuwa kwenye mlango wa ndani na shangazi zake wengine, kitambaa kichwani, nikaona macho yake tu. Wakubwa wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe ulijikwaa ulimi ukiwa umekaa kwenye kiti chako Lubumbashi, na mimi ndiye niliyeanguka. Emile, ambaye kwake yaya ni mimi, akaniinamia sikioni, "Yaya, batu banangoja. Kunywa tu, maneno iishe." Ningeweza kusimama nikasema ukweli. Nilikuwa nimekwisha kusema ukweli kwa Pitchou na nikala kofi, nilijua njia. Lakini siku ile mbele yangu hakuwa Pitchou, alikuwa binti yangu, na mliniweka nichague kati ya kukalia kiti cha baba na kukaa pembeni kama mgeni. Nilikunywa.

Sikusingizii mkono wangu. Mkono ulikuwa wangu na koo langu, na kwenye mkeka nimelisema hivyo bila kutaja jina lako. Lakini hapa si kwenye mkeka, hapa ni mimi na wewe. Kikombe kimoja hakijaua mtu, ulisema. Kikombe changu kimoja kilikuwa siku tisa.

Siku ya kwanza na ya pili nakumbuka. Ya tatu nakumbuka nusu. Mama Naomie aliniambia baadaye kwamba wakwe walipokuja kuaga, nilikuwa nimelala chini ya benchi ya karakana ndani ya maranda, hawakuniona, akawaambia nimekwenda shambani. Zuberi alikuwa anakuja kila asubuhi. Alikuwa anasimama nje ya mlango anauliza, "Namba?" na mimi ndani naziba mdomo kwa mkono ili asinisikie nikipumua. Hakuvunja mlango wala hakunitukana. Kila siku aliuliza neno lile moja akaenda kufungua duka.

Siku ya sita kulikuwa na msiba. Mzee mmoja wa kartye, mtaa wetu huu, alifariki, watu wakaja kuagiza sanduku, wakanikuta nilivyo. Mafundi wengine wawili walikuwa wamekwenda Kabambare kwenye kazi ya madawati ya shule. Jua lilikuwa kali na maiti haingoji. Sasa nataka ukae vizuri unaposoma hapa. Naomie alitoka. Mwali ambaye mahari yake imetoka wiki hiyohiyo, ambaye kwa desturi zenu mnazozipenda hatakiwi kushika hata mchi, alivaa suruali yangu ya kazi akachukua futi. Alikwenda msibani akapima. Akapima tena, akapima mara ya tatu, wakamshangaa. Akarudi akakata mbao, Zuberi akiwa ameshika upande wa pili wa msumeno, na Kamaldine akikaa nje anashona bitana. Nilikuwa nasikia misumari ikiingia, nikadhani ni kichwa changu.

Alikuja kwangu baada ya mazishi. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimetoka malengelenge, vingine vimepasuka. Alichuchumaa, akaniambia kwa sauti ya chini tu, "Baba, safari hii sanduku lilimtosha." Kisha akaenda kuoga.

Sijawahi kupigwa vile maishani mwangu. Hata hivyo nilikunywa siku tatu nyingine, maana ndivyo ugonjwa huu ulivyo na hilo ndilo ukoo wetu hautaki kujifunza. Siku ya kumi Zuberi aliposimama mlangoni nilimfungulia. Akauliza, "Namba?" Nikamjibu, "Hakuna." Akasema, "Basi leo ni moja," akakaa nami mpaka jioni, duka limefungwa, na duka la kwao halijawahi kufungwa mchana tangu enzi za babu yake.

Kuna jambo moja nililolijua baada ya hapo, na ndilo linaloniamsha na hasira kila asubuhi. Mkwe wangu alituma watu kunijulia hali. Mmoja akaleta chupa sita za sukre, soda zile za machungwa, zikiwa na vumbi. Alisema walizibeba kutoka Wamaza siku ile ya mahari, zimefungwa kwenye nguo zisivunjike, kwa sababu walisikia baba wa binti ameacha pombe na hawakutaka kumpa aibu. Msemaji alikuwa tayari kunimiminia sukre. Walikaa nazo kwenye mfuko miguuni, wakaisikia sauti yako, wakaona wenye binti wamesema, wakanyamaza. Wageni walinitunza kuliko damu yangu. Chupa hizo ziko kabatini, sijazifungua.

Na usiniambie ni mambo ya baba zetu. Baba yetu alikufa tumbo limejaa maji. Daktari alisema ini. Sisi tukasema amerogwa na watu wa Kabambare kwa wivu wa mashamba, tukagombana nao miaka minane, wewe mwenyewe ulikataa mchumba wa kule. Kwenye kaburi tulisema alikuwa mtu wa watu. Kwetu mtu hafi kwa pombe kamwe, hufa kwa jirani. Mimi nilimpenda baba kuliko wewe unavyojua, lakini nikikalia kiti chake sitaki kunywea kikombe chake.

Mimi ni Mkristo, Yaya. Nimebatizwa Gédéon na nitazikwa Gédéon. Na kila Ijumaa nitavua viatu kwa Kamaldine mpaka siku hiyo ya kuzikwa, na atakayeshona bitana yangu ni yeye.

Ninachotaka kwako ni kimoja, si pole. Agosti tutampeleka Naomie Wamaza, na wewe umesema utakuja. Kule kuna kikombe kingine, cha kumkabidhi. Emile ameanza tena kuniambia tutaona, tutaona. Kabla hujafunga mzigo wako, tuma audio nyingine kwa Emile. Urefu uleule na spika ileile, uani kwangu, mbele ya watu walewale, na nitawaita mimi mwenyewe. Sema ulikosea. Sema Gédéon hatakunywa na kiti ni chake. Ulinisema mbele ya watu, na sitakubali uniombe msamaha chumbani.

Kama huwezi, baki Lubumbashi. Nakuambia hivi huku moyo unauma, maana hakuna ninayetaka amshike Naomie mkono siku hiyo kuliko wewe. Lakini nitakalia kile kiti bila wewe, na wakinimiminia nitamimina chini mbele ya kila mtu, na wakwe wakitaka wamrudishe binti yangu wamrudishe. Nimemuuliza Naomie. Amesema atakuwa amesimama karibu yangu ili kikombe kisinimwagikie shati.

Mama Naomie anakusalimu, hana habari ya hasira zangu na amekuwekea mchele wa mwaka huu, Amani ataubeba. Pitchou na Sidonie wanakusalimu. Emile anakusalimu, ingawa sijamwambia naandika. Msalimie shemeji, wabusu watoto, mwambie mkubwa wao asome. Mungu wetu akupe nguvu ya mguu, na nguvu ya ulimi pia, ule wa kurudisha neno.

Ukiniita kwenye simu, usianze na habari za afya. Anza na "Namba?" kama Zuberi, halafu tutasalimiana. Nimemwomba ruhusa, amesema hesabu yangu naweza kukupa na wewe uitunze, kwa sababu mliotoka tumbo moja mnaweza kubeba mzigo mmoja. Leo tarehe kumi Mei ni kumi na nne. Barua itakapokufikia itakuwa imeongezeka, hesabu mwenyewe kuanzia hapo, ukipiga nione kama mimi na wewe tumefika namba ileile.

Mdogo wako uliyembeba, anayekupenda na hasira zake zote,

Gédéon